Fundi Jeki, Mjenzi wa Mapaa Yasiyoondoka na Upepo

Ndugu, jamaa, majirani, na mafundi wenzake na marehemu, wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayeusoma mbele yenu. Marehemu hakupenda sifa za bure, kwa hiyo na kosa lake kubwa limeandikwa humu. Yeye mwenyewe alimsimulia kila mteja, tena bila kuombwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Alipofikisha miaka minne mama yao alifariki, na malezi yake yakamwangukia dada yake, ambaye naye alikuwa na miaka kumi na mitatu tu. Dada huyo tunaye hapa leo, kiti cha mbele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Sare yake ya kwanza dada aliishona kutokana na pazia la sebuleni, na kwa kuwa pazia lilikuwa na maua, kaptura nayo ikawa na maua. Wiki ya kwanza walimcheka, ya pili akapigana, ya tatu wakazoea. Kuanzia 1971 hadi 1973 alisoma chuo cha ufundi, ambako mwalimu wa useremala aliandika kwenye ripoti yake: "Mikono mizuri, mdomo hauna breki." Ripoti hiyo aliitundika ukutani kama cheti.

Alifanya kazi miaka kumi chini ya fundi mkuu mmoja mkali, kisha mwaka 1984 akafungua karakana yake karibu na stendi. Kazi yake ilikuwa moja: mapaa ya baraza, yale ya kukaa chini yake nje ya nyumba jioni. Huku kwetu ambako dhoruba haibishi hodi, kazi hiyo ina lawama.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na nesi wa zahanati, aliyemfahamu siku alipokwenda kutolewa kibanzi kidoleni. Mama husema alirudi mara tatu kwa kibanzi hicho hicho. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa tuje kwenye kosa. Mwaka 1990 alimjengea dada yake paa la baraza kama zawadi. Alilipigilia kwa misumari kwenye paa la nyumba, na nguzo zake akazisimika kwenye mashimo ya kina cha goti. Fundi mkuu alipita, akatazama, akamwambia achimbe zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa aliyevunjika alikuwa mwingine. Alasiri ya Jumatatu, tarehe 22 Aprili 1991, dhoruba ilikuja na kumkuta pale pale kwa dada yake. Badala ya kuingia ndani, alipanda juu na kamba ili alishikilie paa lake. Upepo ukaingia kwa chini, ukalinyanyua kama mwavuli, likang'oka pamoja na nusu ya paa la nyumba. Dada alimdaka mguu, akamvuta, wakaanguka wote wawili. Yeye aliinuka na michubuko. Dada alivunjika mkono wa kulia mahali pawili, na cherehani yake ikakaa kimya miezi minane.

Hospitalini dada alimwambia, "Mdogo wangu, paa lako usinijengee tena. Sitaki hata kuliona." Akageukia ukutani.

Kutoka pale marehemu alijifunza upya. Aliokota misumari yote na kuona imetoka imenyooka, haukupinda hata mmoja. Akaelewa kwamba upepo kazi yake kubwa ni kunyanyua. Akaacha misumari, akashika bolti. Mashimo yakawa ya kina cha kiuno, mapana chini kuliko juu, ili zege lishike udongo. Kila bati lilifungwa kwenye boriti, boriti kwenye nguzo, nguzo kwenye zege, na kingo zikapata skrubu maradufu. Wala hakuegemeza tena paa la baraza kwenye nyumba ya mtu. Lilisimama kwa miguu yake, likiachana na ukuta kwa upana wa kiganja.

Kabla ya kukabidhi kazi, aliweka jeki ya lori chini ya boriti na kulisukuma paa juu, aone kama nguzo itacheza. Ndipo alipopata jina lake. Mteja mmoja alimuuliza, "Fundi, sisi tunaogopa lisituangukie, wewe unalinyanyua?"

"Kuanguka niachie mimi," akamjibu. "Kinachoninyima usingizi ni kuondoka."

Redio ikitangaza upepo, alizunguka kwa wateja wote kukaza bolti. Mama alikuwa akisema, "Mume wangu ana wake wengi, wote wa mabati."

Lakini dada yake alipokuja kututembelea, alichukua kiti akakiweka juani, nje ya kivuli cha baraza letu. Kivuli kikimfuata, anasogea. Marehemu alimtazama, hasemi kitu, na mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki akinyamaza, ujue pameuma. Aliwahi kumwambia binti yake, aliyekuwa akimfundisha ufundi, "Shangazi yako hajanisamehe ule mkono."

Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na daktari akamwambia moyo umepanuka. Alikatazwa kupanda ngazi. Agosti mwaka huu wa 2024 dada yake alikuja kumjulia hali.

"Nasikia umekatazwa kupanda."

"Nimekatazwa, dada."

"Basi njoo unijengee paa."

Alidhani anataniwa. "Leo? Na mkono je?"

"Mkono gani? Mkono ulipona zamani! Mimi nilikuona wewe juu ya lile bati, linapaa nawe. Nikasema kwangu hupandi tena. Sasa atapanda binti yako, wewe utakaa chini na mimi."

Marehemu alilia, tena kwa sauti, na hakuona haya. Kazi ilianza wiki ile ile. Binti yake alichimba, yeye akiamuru kutoka kitini na kukosoa kila kitu. Ilikamilika Jumamosi, tarehe 21 Septemba, na kila alasiri baada ya hapo walikaa pale wawili, mara wakibishana, mara wakisinzia.

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Yeye na dada yake walikaa chini ya lile paa siku kumi na nane.

Ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu watano, na dada yake. Dada ameomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Sikumkasirikia hata siku moja. Nilidhani anajua."

Mungu ampokee fundi wetu, na ampumzishe kwa amani.