Hindi la Kwanza Haliliwi

Marehemu Elinaja Zadock Mrutu alikuwa na sheria moja: hindi la kwanza kukomaa shambani haliliwi, ni la mbegu. Mgeni hakupewa, mgonjwa hakupewa, na hata mkewe alipokuwa mjamzito hakupewa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Gonja, wilaya ya Same, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Zadock Mrutu na Mama Nakijwa. Alisoma shule ya msingi Gonja na sekondari mjini Same, kisha chuo cha ufundi Dar es Salaam. Mwaka 1980 alipata ufadhili wa kanisa, akaja Saint Paul, huku Marekani, kusomea uhandisi. Alihitimu mwaka 1984. Mwaka uliofuata aliajiriwa mji wa jirani, Plymouth, katika kiwanda cha vifaa vya hospitali. Alikuwa mkaguzi wa ubora hapo hadi mwaka 2007.

Tarehe 15 Juni 1985 alifunga ndoa na Generosa, binti wa Kilema, Moshi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Isack na Tulia.

Mwaka wa ndoa yao Mama Nakijwa aliwatumia mbegu za mahindi meupe ya Upare, ili wasisahau makande. Marehemu alizipanda katika kiwanja alichoazimwa na kanisa, Plymouth. Mabua yalirefuka kumzidi kimo, kisha baridi ikayaua kabla hayajazaa. Watu walicheka. Mwaka uliofuata alipanda tena. Akachanganya na mahindi ya njano ya hapa, akawa anachagua yaliyokomaa mapema na kuyarudisha kwenye weupe, msimu hadi msimu. Kila Agosti mahindi yalipotoa mbelewele, yale maua ya kileleni, alichukua likizo, akayafunika kwa mifuko ya karatasi na kuyachavusha kwa mkono, yasiingiliwe na ya jirani. Likizo nyingine hakuwa nayo.

Septemba 1989, Generosa akiwa na mimba ya Tulia, alitamani hindi la kuchoma. Shambani lilikuwepo moja tu lililokomaa.

“Mama Isack, hilo ni la mbegu,” alisema marehemu.

“Na huyu tumboni je, si mbegu?”

Marehemu alikwenda dukani, akarudi na mahindi matamu ya Kimarekani. Generosa aling’ata mara moja, akalirudisha kwenye sahani. “Baba Isack, hii ni peremende.” Kisa hicho amekisimulia katika kila sherehe ya familia, na marehemu alicheka kila mara, lakini sheria hakuilegeza.

Msibani si mahali pa kusema uongo, kwa hiyo na hili lisemwe. Mama Nakijwa alifariki tarehe 7 Agosti 2001. Mdogo wa marehemu, Naftali, alipiga simu kutoka Gonja.

“Kaka, tunazika Jumamosi. Tukusubiri?”

“Msinisubiri. Mbelewele zimetoka.”

“Mbelewele?”

“Nikiondoka wiki hii, mbegu imepotea.”

“Haya. Baki na mahindi yako.”

Alisema angekwenda baada ya mavuno. Hakwenda mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Lilikuwa kosa, na yeye mwenyewe hakulitafutia jina jingine.

Mwaka 2006 shamba zima lilikomaa kabla ya baridi. Alipeleka mbegu kwa kila aliyeomba, Watanzania na Wakenya, na leo mahindi hayo yanaota nyuma ya nyumba nyingi za Saint Paul na Plymouth. Watu husema alikuwa na kipaji. Hakuwa nacho. Alikuwa na jambo moja, na hakuliachia.

Mwezi Mei 2008 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tulia, aliyezoea kumjibu baba yake kwa Kiingereza, alipanda na kupalilia peke yake. Mwanzoni mwa Septemba aliingia wodini na hindi mkononi. “Baba, limekomaa,” alisema kwa Kiswahili.

Marehemu alilishika, akalimenya kidogo, akatazama punje. “Kalichome,” alisema. “Mpe mama yako. Ananidai radhi tangu ukiwa tumboni.”

Generosa, aliyekaa kando ya kitanda, alilipokea. “Miaka yote hii nimelikosa kwa ajili ya mbegu, leo ndiyo nilile? Tulia, mwanangu, kalitundike likauke.”

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama.

Alifariki Jumamosi tarehe 27 Septemba 2008, familia yake ikiwa naye. Ameacha mjane, Generosa. Watoto, Isack na Tulia. Na mdogo wake, Naftali. Makande tutakayokula leo baada ya maziko yametoka shambani kwake. Hindi lile la kwanza limekauka, na Tulia atalipanda Mei. Bwana ampe mtumishi wake pumziko.

Mbegu ipo. Ilimgharimu maziko ya mama yake, na kaburi la mama huyo hakuwahi kuliona.