Mfumaji na Masikio Yake

Mbele yangu kwenye basi alikaa binti, mwanafunzi wa chuo kikuu, amepakata bango la utafiti. Wenzake na yeye walikuwa na ziara ya mafunzo kwenye kiwanda cha nguo, na leo wamewaeleza wakubwa wa hapo kwamba kelele za mashine zinawaharibia wafumaji masikio.

Mfumaji mmoja wa kiwanda hicho, aliyekata tiketi ya sokoni, alikuwa ameketi kando yake. “Mwanangu, mmetutilia mchanga kitumbua chetu! Si watatufukuza?” Sauti yake ilimfikia hata dereva.

“Tumeomba mpewe vizibo vya masikio tu, baba.”

“Vya kazi gani? Mimi nasikia mbu akipita!”

Basi likasimama. “Wa sokoni!” kondakta akaita. Akaita tena, akapiga bodi kwa kiganja. Sote tukamtazama mfumaji, naye bado anamweleza binti habari za yule mbu.