Misumari ya Mhunzi Nithijo

Ndugu zangu mliozunguka kuni hizi, mfikirieni kwanza Nithijo akija. Kabla hujamwona, unasikia kikohozi. Kisha anatokea kinamasini, gunia la mawe ya chuma begani, matope hadi mapajani, na anakuja kinyumenyume, kama tunavyotoka sote pale. Hakuna anayeyapa maji yale mgongo.

Marehemu Nithijo, baba yangu mkubwa, alizaliwa wakati wa kupanda shayiri, mwaka bahari ilipovunja tuta, katika nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Kabla hajatambaa, bahari ilikuja ikaichukua nyumba yenyewe. Nadhani hofu yake ya maji ilianzia hapo.

Uhunzi alifundishwa na mjomba wake. Siku ya kwanza alimpeleka kinamasini, akamwonyesha mti mkavu. "Upande huu chimba mawe upendavyo. Upande ule kuna mapanga na mikuki ya maadui tuliowashinda. Tuliipinda, tukaizamisha. Kile si chuma tena, kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mjomba?"

"Usimwite."

Akawa fundi wa misumari ya mashua. Zile tatu zilizoko ufukweni, mbao zake zote zimeshikwa na misumari ya mkono wake.

Alimwoa Talgida wa ng'ambo ya hori la bahari. Kwenda kuposa alikataa kuvushwa, akazunguka kwa miguu, akafika viatu vimekwisha. Talgida akamcheka mbele ya watu: "We mwanamume! Unatengeneza mashua, halafu kupanda huwezi?"

"Mimi najua kilichozishika," akajibu. "Ndiyo maana natembea."

Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Leo sijui kama nilicheka vizuri.

Baridi hii iliyopita, chumvi ilipoingia mashambani, Hakuthu mwenye mashua alitangaza kwamba tutahamia kisiwa cha magharibi, na akahimiza misumari ifuliwe haraka. Lakini maji yalikuwa yamefunika upande wa mawe. Jioni moja Talgida alimwona mumewe akirudi na gunia limejaa, uso mbele, karibu anakimbia.

"Baba Fino, mbona umekuja hivyo?"

"Baridi, mama Fino."

"Baridi ndiyo imekugeuza?"

Akaingia na gunia karakanani. Tanuri la kuyeyushia mawe halikuwashwa siku zile, lakini nyundo ililia mpaka kapu likajaa misumari.

Barafu ilipoanza kuyeyuka akashikwa na homa. Viganja vilivimba, na hakutaka hata ndoo ya maji iwe karibu na kitanda. Alifariki jana alfajiri, mkono wa mkewe ukiwa mkononi mwake. Talgida ameniomba niyaseme haya mbele yenu, maana watakaopanda mashua si bintiye na mjukuu wake peke yao.

"Nilichukua kisicho chetu," marehemu alimwambia usiku wake wa mwisho. "Kapu moja. Mafundi wa mashua wakalibeba."

"Wakalipeleka mashua ipi?"

"Sikuuliza, mke wangu. Niliogopa kujua."

Mafundi nao hawakumbuki, makapu yote yalifanana. Asubuhi hii nilimfuata Hakuthu ufukweni, nikamweleza. "Msumari ni msumari," akasema. "Mnataka mfe njaa hapa? Upepo ukigeuka, tunaondoka." Akaenda zake. Lakini nilimtazama vizuri, nanyi mlio na nyumba kule mlimwona: aliondoka kwenye mashua zake kinyumenyume.

Marehemu ameacha mjane, Talgida. Binti yake, Fino. Mjukuu ambaye bado hajapewa jina. Na mimi, mtoto wa mdogo wake. Tunamchoma hapa juu kilimani, kama alivyotaka, na majivu yake hayatashuka kinamasini. Alale pakavu, baba yetu, asiitwe na mtu.

Upepo umeanza kugeuka, hata moshi mnauona. Mashua ni tatu, na Fino ana mtoto mgongoni. Tumpandishe ipi?