Juma la Pensheni la Mama Bilonda Jocelyne (1947–2017)

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wote mliokuja kumsindikiza: Mama Bilonda Jocelyne alituachia maagizo matatu kuhusu karatasi hii. Isomwe polepole, isizidi kurasa mbili, na isimpake sukari. Watoto wake watajitahidi kwa yale mawili ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 hapa Kolwezi, katika hospitali ya wazazi ya mgodi, mtoto wa tatu wa marehemu Tata Kabeya na marehemu Mama Kanku. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye mwenyewe Kasai aliijua kwa masimulizi ya mama yake tu, na kitovu chake kilizikwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyuma ya nyumba ya matofali mekundu iliyokuwa na namba mlangoni. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia 1953, kisha akaendelea na shule ya ushonaji na utunzaji wa nyumba hadi 1963. Siku moja sista aliwaambia wasichana wachore nyumba watakayoishi wakiolewa. Wenzake walichora maua na mapazia. Bilonda alichora paa, akainua mkono, akauliza bati moja linauzwa kiasi gani. Sista alidhani anafanyiwa mzaha, akamsimamisha pembeni mpaka kengele. Alisimama, lakini alipotoka alikuwa bado anataka jibu.

Mwaka 1964 aliajiriwa kuwa mwalimu katika Foyer, nyumba ambamo wake za wafanyakazi wa mgodi walifundishwa kushona, kupika na kulea. Alifundisha hapo miaka ishirini na tisa, na wengi wa kina mama mnaowaona leo wamevaa vitambaa vyeusi walipitia mikononi mwake, wakapigwa vidole kwa rula yake.

Hapo Foyer ndipo alipokutana na Tata Kabemba Omer, Muluba wa kaskazini mwa Katanga, fundi aliyeingia karakana ya mgodi tarehe 1 Oktoba 1970. Alitumwa kutengeneza cherehani. Mwezi ule cherehani ile iliharibika mara nne, na mara zote nne ilikuwa skrubu ileile. Mama Bilonda aliijua hila ile tangu mara ya pili, akawa anavaa kitambaa kizuri siku za fundi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1971, wakajaliwa Kanku, aliyerithi jina la bibi yake, kisha Rachelle na Kabongo.

Sasa tufike kwenye lile lililompa jina katika mji huu. Wakati ule mtu wa mgodi hakununua unga. Kila mwezi kampuni ilimpa posho yake: unga, maharage, samaki na mafuta, nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hata dawa ya minyoo ya kampuni. Mwaka 1987 jirani yao, Tata Barnabé, alistaafu. Wiki chache baadaye Mama Bilonda alimkuta sokoni, amesimama mbele ya muuza unga na kadi yake ya posho mkononi, akingoja apimiwe. Muuza unga aliigeuza kadi huku na huku, akamuuliza hii ni picha ya nani. Soko zima lilicheka, na Mama Bilonda alicheka nalo. Alipofika njia panda kicheko kilimkauka, maana alikumbuka kwamba Omer wake alikuwa amebakiza miaka kumi.

Mwezi wa nane, Omer alipopata likizo, Mama Bilonda alitangaza nyumbani kwamba kuanzia Jumatatu hadi Jumapili baba yao amestaafu. Gunia la posho alilifungia ndani ya sanduku la bati. Juma zima wangeishi kwa kiasi kile ambacho pensheni ingewaletea, pamoja na chochote ambacho mikono yao ingezalisha. Jumapili jioni wangekaa wote, mpaka mtoto wa mwisho, waseme mpango umetobokea wapi.

Mwaka wa kwanza ulitoboka kila mahali. Jumatano waliishiwa makaa, Alhamisi wakala viazi vitamu asubuhi na jioni. Lakini Jumapili ile Mama Bilonda alisema shida kubwa kuliko zote haikuwa njaa, ilikuwa Tata Omer mwenyewe. Mwanamume yule alikaa nyumbani siku saba akifunua masufuria na kutoa ushauri juu ya chumvi. Mama Bilonda alisema umaskini atauweza, ila pensheni ya namna hiyo itampeleka kaburini kabla ya wakati. Ikaamuliwa Omer atafutiwe kazi ya uzeeni. Akapelekwa kwa Kisimba, fundi baiskeli aliyetoka mji wa Kasaji, na kila Jumamosi mtu mzima yule alikaa chini akinyoosha spoku na kukemewa.

Mwaka uliofuata wakapanda mboga ya lengalenga na mihogo. Mwaka wa tatu Kabongo, akiwa na miaka kumi, aliuliza wataishi wapi wakati nyumba ni ya kampuni. Wazazi wakanunua kiwanja mjini, wakaanza kufyatua matofali. Majirani walikuwa wakija kuchungulia kila Agosti kama wanakuja kuona ngoma, wakimwita Omer mzee wa likizo. Mama Bilonda aliwajibu kwamba akiba haiozi, akawapa jembe wasaidie.

Hawakucheka muda mrefu. Kufikia 1991 kazi za mgodi zilikuwa zinaporomoka, mishahara ikachelewa, posho ikawa leo ipo, kesho haipo. Kina mama wa Foyer wakaja kuuliza lile juma linafanywaje. Mama Bilonda aliwafundisha arobaini kwa mara moja, uani, kwa kelele nyingi na sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya kutosha, na kila mmoja alitakiwa kwanza kusema mumewe atafanya kazi gani mbali na jikoni. Aliwahi kusema ndiyo miezi aliyofurahi kuliko yote katika ualimu wake.

Kisha maji yakazidi unga. Mwishoni mwa 1992 watu wa asili ya Kasai walioishi hapa Katanga walianza kuambiwa warudi kwao, na mwezi wa tatu 1993 zamu ya kambi yao ikafika. Mama Bilonda alifukuzwa kutoka mji aliozaliwa kwenda Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambao hakuwahi kuuona. Kuta za nyumba yao mpya zilikuwa zimefika usawa wa dirisha. Alilala siku kumi na nane kwenye sakafu ya darasa karibu na stesheni, pamoja na mama yake mzee, wakingoja treni. Kanku alikuwa ameolewa Lubumbashi. Omer na watoto wawili hakuna aliyewagusa, kwa kuwa baba alikuwa wa Katanga.

Hapo sakafuni alipitia mpango upya, peke yake. Omer alikuwa amebakiza miaka minne. Anayeacha kazi kabla ya siku yake hupoteza kila kitu. Basi Omer abaki na watoto, amalize, kisha wataonana. Alipomweleza, Omer aliinuka, akaenda zake, na Mama Bilonda akaamini amekubali. Jumatatu, tarehe 22 Machi, treni ikiwa imejaa mpaka juu ya mabehewa, akamwona anakuja na sanduku lake la vyombo vya baiskeli kichwani, Rachelle na Kabongo nyuma yake.

Mama Bilonda alimwambia, akimwita baba wa mtoto wao wa kwanza, “Tata Kanku, rudia ku nyumba. Kunabakia miaka ine tu.”

Omer alipandisha sanduku kwanza, halafu watoto. “Ile mupango tulifanya ni ya bantu babili,” alisema, akionyesha vidole viwili. “Mi minaanza pensheni leo.”

Alimgombeza mpaka Kamina. Watu wa behewa wote walijua habari za pensheni ile kabla ya siku ya pili, na wengine walichukua upande wa Mama Bilonda. Baada ya Kamina akamgawia karanga.

Mwene-Ditu haikuwa mchezo. Mama Kanku, bibi yetu, alifariki kabla hatujamaliza mwezi, na tulilia sana kwa sababu tulimzika bila majirani zake. Lakini ule ulikuwa mji wa baiskeli: wanaume walisukuma mizigo ya mahindi na mafuta siku nyingi barabarani, na magurudumu yalivunjika kila leo. Omer alitandika turubai kando ya njia, Mama Bilonda akaweka cherehani pembeni, na mashemeji wa Kasai wakampa Mkatanga wao jina la Tata Pensheni. Walikula, walisomesha, walicheza kwenye arusi ya Rachelle mpaka asubuhi.

Agosti zote hizo waliendelea kukaa Jumapili jioni na kupitia mpango. Jambo moja tu Mama Bilonda hakulitaja kamwe: mwaka 1997, mwaka ambao Omer angestaafu kwa heshima, na haki yake mkononi. Ukifika mwaka ule katika mazungumzo, aliinuka kuangalia moto.

Walirudi Kolwezi mwaka 2005. Rafiki yake wa Foyer, Mama Numbi Valérie, alikuwa amepanda viazi vitamu ndani ya kuta zile walizoziacha, miaka kumi na miwili ili kiwanja kisionekane hakina mwenyewe. Walivuna kwanza, ndipo wakapandisha ukuta. Paa liliwekwa 2007, na Mama Bilonda alinunua bati mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2015. Aliugua kwa subira na kwa ubishi, akiwakosoa wauguzi jinsi wanavyotandika vitanda. Jioni ya tarehe 2 Juni 2017, watoto wote watatu wakiwa chumbani, alimshika mumewe mkono na kuuliza lile alilolikwepa miaka yote.

“Tata Kanku, pensheni yako, mi njo nilikupotezaka?”

Tata Omer alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. “Gani nilipoteza? Niliikula yote na weye, miaka makumi mbili na ine. Hata sahani tulilamba.”

Mama Bilonda alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Akalala. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Juni, hakuamka.

Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, wanafunzi wasiohesabika, Mama Numbi Valérie, na mume wake mpendwa, Tata Kabemba Omer, ambaye yuko katika pensheni tangu tarehe 22 Machi 1993. Huko alikokwenda Mama Bilonda mahali pameshaandaliwa, hana la kupanga tena. Apumzike kwa amani.