Diski ya Kiooni

Benchi la Mama Kodou, pale Thiès, nchini Senegal, nyuma ya karakana ya reli, lina miguu mitatu na tofali. Wenyewe wanaujua upande wa tofali, hawaukalii. Mgeni ndiye huukalia, akajimwagia kifuani kahawa ya Tuba, ile ya viungo, nao wakamwambia pole kwa furaha kubwa. Alasiri hiyo benchi lilikuwa limejaa, ila upande huo. Katikati, kompyuta mapajani na jasho puani, alikaa Dethie Diop, fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Waya. Miguuni pake kilikuwepo kisanduku cheusi cha kusomea diski, cha kale hata kiwanda chake kimeshakikana. Na kushoto kwake alikaa Mzee Mbagnick Ndiaye, aliyekuwa bingwa wa mieleka, mikono juu ya fimbo, hasemi neno. Hasemi kwa sababu hawezi. Kiharusi kilimlaza ulimi mvua za mwaka juzi, na haujaamka tena.

Hapo ndipo palipomuuma Dethie. Ukoo wa Diop na ukoo wa Ndiaye ni watani tangu mababu wa mababu. Zamani, kila alasiri, kabla hata ya salamu, mzee alimpokea kwa sauti ya kutoka tumboni: “Mtumwa wangu, leo umemaliza sahani ya nani?” Dethie naye alimrudishia, benchi likacheka, ndipo siku ikawa siku. Tangu ulimi ulale, Dethie hatukanwi na mtu. Wengine wamejaribu, lakini tusi la asiye mtani ni mchuzi usio na chumvi.

Sasa mke wa mzee alikuwa ameibua sandukuni diski iliyorekodiwa uwanjani enzi zile, mumewe akijigamba kabla ya pambano. Ndiyo hiyo moja tu duniani. Redio za diski mtaani zote zimeshakufa, zimebaki nyumba za mende. Kimesalia kisanduku cha Dethie, na kompyuta za siku hizi hazikijui. Dawa yake ni draiva, ile programu ndogo ya kuipatanisha kompyuta na kifaa. Kiwanda hakiitoi tena, ila kuna watu huko duniani walioiandika upya wakaigawa bure, na mwenye kutaka aifungue, aisome, airekebishe. Dethie alikuwa ameipakua na kuiweka tangu adhuhuri, akaifuta, akaiweka tena. Diski ya mzee hakuthubutu kuijaribia, maana kisanduku kiliwahi kutafuna moja. Akaazima ya Breki, dereva wa teksi, ile inayoning'inia kwenye kioo cha gari lake kufukuza husuda.

— Kinasemaje? aliuliza Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, lakini usimkumbushe.

— Kilekile. “Diski: tupu.”

— Tupu ya wapi, na imejaa kasida? Breki aliruka. Waya, usiitukane diski yangu!

— Si mimi, ni draiva. Diski inaiona, kilichomo haikioni.

— Mimi nilisema, alisema Jenerali. Wahenga wamenena, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Wewe umeinama? Umekaa wima kama mlingoti tangu adhuhuri!

Dethie alikuwa amekwisha kuishiwa na maarifa. Akainama, akachungulia chini ya kisanduku. Palikuwa na vumbi.

— Tatizo ni hiyo bure yenu, alisema Breki. Nani anagawa jasho lake bure? Wanajilipa humohumo, kaka. Draiva imeingia, imezikomba kasida zangu zote, imezipeleka kwao. Saa hizi kuna mtu huko kwenye barafu anazisikiliza, analia.

— Kwa lugha gani?

— Kasida ina lugha? Acha ushamba.

Mama Kodou aliinua birika juu, akaimimina kahawa kwenye birika la pili, ikatoa povu.

— Nyie wanaume hamjui kitu. Hicho kisanduku kimeachika. Kiwanda kimekizaa, kimekitelekeza. Mwanamke aliyeachika huwezi kumwendea na amri mpya kutoka kwa watu asiowajua. Kibembelezeni.

— Kwa kitu gani? Kwa kahawa?

— Kwa kahawa yangu? Labda ulipe.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Jenerali akisimama, na kila alipofikiria jambo zito lazima asimame. Nimelipata. Aliyeiandika draiva hiyo ni Ndiaye!

— Toba!

— Wallahi! Ameandika mle ndani: fundi akiwa Diop, kataa. Akina Ndiaye wamefika kila pembe ya dunia, nyie mnadhani huko hawajafika? Waya, si ulisema inafunguka inasomwa? Umeisoma?

— Nimeisoma.

— Majina ya walioiandika yamo?

Dethie alikuna kichwa.

— Yamo. Mmoja amejiandika “N” tu.

Benchi lililipuka. Breki alikanyaga kikombe chake mwenyewe. Mzee Mbagnick alicheka kwa mabega, kwani kicheko nacho kilikuwa kimepoteza sauti. Dethie alicheka na wenzake, lakini ni meno tu. Moyoni alikuwa amekwisha kukata tamaa.

Mzee aliliona hilo. Akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa cha kijani, akakiweka juu ya goti la Dethie. Dethie akakitazama, akakirudisha taratibu.

— Bado, mzee. Hicho ndicho pekee. Kikitafunwa nitakuambia nini?

Mzee alikishika, akainamisha macho.

Honi ikalia. Kwenye teksi ya Breki, ng'ambo ya barabara, mlango ulifunguliwa, akatoka mwanamke mnene mwenye furushi la vitenge. Alikuwa abiria wa kwenda Tivaouane, mji wa jirani. Breki alikuwa amemwambia angoje dakika mbili wakati kivuli kikiwa bado upande ule.

— Dereva, hivi mimi nimepanda gari au nimepanga chumba?

— Dada yangu, samahani sana. Kaa, unywe kahawa. Fundi anamalizia.

Akakaa. Upande wa tofali, bila shaka. Kahawa ikamrukia.

— Pole, dada! walisema wote.

Alijifuta na ncha ya kitenge, akashusha pumzi.

— Haya, mnangoja nini hasa?

— Kasida zilizomo kwenye diski yangu, alisema Breki.

— Oo, nazipenda. Kasida gani?

Breki alifungua kinywa.

— Ni… zile.

— Zipi?

— Zile nzuri. Aliyeniuzia aliniambia imejaa.

— Wewe umewahi kuzisikia?

— Gari halina redio, dada.

— Sasa nani anajua kuna nini ndani?

Breki alimtazama Jenerali. Jenerali alimtazama Mama Kodou. Mama Kodou alitazama birika. Dethie aliitazama kompyuta, na pale pale, yakiwa yaleyale ya tangu adhuhuri, aliyakuta maandishi: Diski: tupu.

— Mama yangu, alisema polepole. Inasema kweli. Imekuwa ikisema kweli mchana kutwa!

— Debe tupu haliachi kuvuma, alilalamika Jenerali. Na hii mbona kimya?

— Imenilinda miaka yote! Breki alisema, diski kifuani kama mtoto. Sijagonga hata mbuzi!

— Na yule wa juzi? aliuliza Mama Kodou.

— Yule alinigonga yeye.

Lakini Dethie hakuwasikia. Alimgeukia mzee, akanyoosha mikono yote miwili. Mzee akafungua kile kitambaa mwenyewe. Bismillahi. Kisanduku kilimeza diski, kikakohoa, kikanyamaza. Kisha kikaanza kuzunguka, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Zikaja ngoma. Ukaja umati. Halafu ikaja ile sauti ya kutoka tumboni, kubwa kuliko benchi na karakana:

“Mimi Mbagnick, mwana wa Tening! Anayetaka kunishika aage kwao kwanza! Nimekula mchanga wa viwanja vyote, na wote una ladha ya walioanguka!”

Mama Kodou alijishika kichwa. Mzee hakutikisika, alisikiliza akiwa ametoa macho, kama mtu anayemtambua ndugu yake stesheni.

“Na kama yupo Diop hapa, asimame nimwone! Mtumwa wangu, hilo tonge la wali ulilolificha mfukoni, unadhani sijaliona?”

Dethie alipiga ukelele, akaruka, kompyuta nusura ianguke, Breki akaidaka. Machozi yalimtiririka Dethie hadi kwenye ndevu.

— Nimetukanwa! Jamani, Alhamdulillahi, nimetukanwa!

Alipogeuka, mzee alikuwa amenyanyua kidole. Kilikuwa kimeelekea mfuko wa suruali ya Dethie.

Dethie akaugeuza mfuko nje, akaukung'uta mbele ya watu wote.

— Tupu, bwana wangu. Tazama mwenyewe, tupu!

Mzee Mbagnick aliutazama ule mfuko, akamtazama mtumwa wake, akatikisa kichwa. Haamini. Hakuwahi kumwamini hata siku moja.