Msimjibu Wilibrodi

Baridi ya Sumbawanga mwezi wa Juni haina adabu. Inamwingia mtu mifupani bila hodi. Ndiyo maana benchi la Zubery muuza kahawa, lililoegemea ukuta wa duka la Huseni, halikukosa watu tangu jua kuchomoza. Hapo alikaa Hamidi, jina la kijiweni Bama, kwa kuwa alikwenda vitani Burma akarudi na koti moja la jeshi na hadithi zisizopungua mia tatu, nyingine za kweli. Pembeni yake Leonsi, aliyewahi kufagia ofisi ya boma miezi minne, na tangu hapo akaitwa Karani. Mbele yao lilisimama lori la Huseni, limesheheni magunia ya ulezi ya kupeleka Laela. Chini ya lori ilionekana miguu ya dereva, Wilibrodi, ambaye benchi lilimbatiza Rivasi, gia ya kurudi nyuma.

Jina hilo hakulipata kwa ubingwa. Kila gurudumu liliporuka shimo, Wilibrodi aliona moyoni kwamba amemkanyaga mtu. Aligeuza lori, akarudi, akakuta shimo. Akaondoka, akaingiwa na shaka kwamba upande wa majani hakutazama vizuri, akarudi tena. Safari ya masaa manne ikawa ya masaa tisa. Jana Huseni alitamka mbele ya watu: lori lisipofika Laela kabla ya saa nane mchana, ufunguo atapewa dereva mwingine. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, na Wilibrodi alikuwa akikagua magurudumu kwa mara ya tatu.

– Ni ile kona ya Kizwite, alisema Zubery akimimina kahawa. Kuna kitu kinakaa pale. Kinataka kuku mweupe.

– Kuku wa nini? Karani akadakia. Mji wenyewe jina lake linatuambia tutupe uchawi, wewe unaokota. Huo ni moshi wa petroli. Unaingia masikioni, unazunguka, unakosa pa kutokea. Nilisikia bomani.

– Ulisikia ukifagia.

– Nilifagia nikiwa na masikio.

Hamidi akawatuliza kwa mkono, kama ofisa. Akasema wote wawili hawajui magari.

– Linaloumwa ni lori. Hili lilikuwa la jeshi. Kule Bama tulirudi nyuma wiki sita mfululizo, na magari yote yakazoea. Hata ukilizima, usingizini linaota linarudi.

Wakacheka, na Hamidi akacheka kuliko wote, kama alivyozoea akiwa na aibu. Maana mwezi mzima alikuwa amejitolea kukaa kiti cha pembeni mwa dereva na kufanya kazi moja: kuchungulia nyuma na kusema hakuna kitu. Siku ya kwanza alisema mara mbili, Wilibrodi akaridhika. Wiki ya pili akaulizwa kama ana hakika. Wiki ya tatu akaambiwa aape, naye akaapa kila shimo, hata alipofika Laela viapo vyote alivyofundishwa chuo cha Kurani vilikuwa vimekwisha, akaanza kuazima vya Wakatoliki.

Wilibrodi alitoka chini ya lori, akajifuta mikono kwa kitambaa.

– Nimewasikia. Kuku simleti, na masikio yangu hayana moshi.

– Tunakutakia mema, kaka, alisema Zubery.

– Najua. Ndiyo maana spana bado iko mfukoni, sijawarushia. Sasa sikilizeni, nitasema mara moja, na mnajua mimi si mtu wa mara moja.

Akaegemea mlango wa lori.

– Mnadhani sijui kwamba ni shimo. Najua. Hata nikiwa nageuza najua. Lakini wazo linaniuliza: na kama safari hii ni mtu? Kama yuko pale majanini anavuja damu, na wewe unaondoka? Nikienda kutazama linanyamaza kidogo, kisha linaamka limenenepa.

– Kwani umewahi kumgonga mtu? Karani aliuliza.

– Miaka kumi na moja. Hata bata sijamgonga.

– Lakini kaka, Hamidi akasema, mimi si nakwambia kila siku kwamba hakuna kitu?

– Wewe ndiye unayelilisha, Bama.

Hamidi aliweka kikombe chini taratibu. Wilibrodi akamkumbusha ile siku ya Kaengesa alipolala kitini. Lori liliruka, Wilibrodi akauliza, akajibiwa kwa mkoromo. Moyo ulimchemka kama uji wa ulezi, akashika usukani kwa nguvu mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha, mbele kidogo, moyo ukapoa wenyewe. Hakurudi. Siku hiyo ndiyo pekee.

– Kwa mganga siendi, na ufunguo siutoi. Kitu hiki kitapanda juu ya magunia, kipige kelele kitakavyo, lakini usukani hakiugusi. Nyinyi mkitaka kunisaidia, nikiwauliza msinijibu. Msiseme ndiyo wala hapana. Na wewe Bama leo unabaki.

Aliomba jambo zito. Huku Ufipa, watu wakikutana wanaulizana habari mpaka za mbuzi, na kila swali linalipwa jibu lake; kumnyamazia mtu ni kumtemea mate. Karani akauliza, kwa sauti ndogo, kama wamwondolee na lile jina.

– La Rivasi? Liacheni. Hiyo gia ni yangu, nitaiweka nikitaka mimi.

Akapanda, akawasha. Lori lilisogea hatua kumi, gurudumu la nyuma likaruka jiwe, magunia yakatikisika, likasimama. Kichwa cha Wilibrodi kikatokea dirishani, uso umesawajika.

– Bama. Nimegonga mtu?

Kutoka benchini Hamidi aliliona jiwe wazi kabisa, peke yake. Neno likamjaa kinywani kama kahawa ya moto. Alilishikilia, macho yakamlowa.

– Bama, nakuuliza.

Bibi Albina wa Malangali alikuwa akipita na kikapu chake. Alisimama, akasubiri shikamoo, hakuipata.

– Nyinyi wanaume, alisema, mwenzenu anauliza, mbona hamumjibu?

Zubery aliinua birika, kumbe tupu. Karani alitazama viatu vyake. Hamidi, mwenye hadithi mia tatu, alikosa hata moja.

Kichwa kikarudi ndani. Gia ya kurudi nyuma ya lori lile ililia kama mbuzi, mji mzima uliijua. Wakaitegea sikio. Ukaja mlio mwingine, mzito, wa kwenda mbele. Lori likapunguza mwendo kwenye kona ya Kizwite, likasitasita, likapita.

Bibi Albina bado alikuwa amesimama akingoja jibu lake.

– Hakuna kitu, Hamidi akakiambia kikombe, polepole, neno lisije likamkaba.