Rimu ya Nne

Treni ya kutoka Essen ilijaa, lakini rimu ya gurudumu aliyobeba Detlef ilikuwa na kiti chake. Mkewe, Wiebke, alikuwa amesimama. Gari lao la zamani lilikuwa juu ya matofali tangu harusi yao, likisubiri rimu ya nne ya kiwandani inayofanana kabisa na zile tatu, na leo soko la vipuri lilikuwa limewapa.

Mzee mmoja wasiyemjua, aliyekaa mkabala, akaigeuza na kupapasa nyuma ya spoki.

"Pole, bwana. Hii imemiminwa kwenye kalibu ya pili, kiwanda kilipobadilisha umbo. Kingo zimelainishwa."

"Ya kwanza, kama zangu tatu! Tazama zilivyo kali," Detlef akabisha.

"Kali wapi? Hapa hata kichanga unamlaza."

"We unapapasa na glavu!"

Mzee akavua glavu, akafumba macho, akapapasa tena kama mkunga. "Ya pili. Tena ya Ijumaa jioni, mafundi washaanza kuwaza bia."

Wiebke alitaka kuuliza gari likitembea nani ataona nyuma ya spoki, lakini swali hilo lilishawahi kumharibia Krismasi nzima.

Treni ikafunga breki Hamm, kituo chao. Milango ikafunguka, rimu ikaanguka kutoka kitini na kubingirika hadi nje. Wiebke akaikimbilia. Wanaume wakabaki mlangoni, wameinama kuitazama.

"Unaona inavyoyumba? Kalibu ya pili!"

"Haiyumbi! Ni sakafu ya kituo!"

Milango ikafungwa, treni ikaondoka nao.

Wiebke akailaza rimu chini, akaikalia. Tangu aolewe, ndiyo mara ya kwanza gari lile kumpa kiti.